Mkono Uliofichwa Ndani ya Mashine

Mjomba wangu alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka mingi aliamka saa nane za usiku, akapanda baiskeli yake na kwenda kukanda unga katika bekari moja ya Tanga. Siku moja, nikiwa kijana wa sekondari mwenye daftari na maswali mengi, nilimwuliza: "Mjomba, maji unatia kiasi gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anavutaje pumzi. "Unatia kiasi."

"Kiasi gani?"

"Mpaka unga ukubali, bwana." Darasa likaishia hapo.

Ndugu msomaji, neno hilo "kiasi" ndilo lililonikalisha chini leo kuandika. Ni neno la kila jikoni. Chumvi kiasi, moto kiasi, nazi kiasi. Basi neno hili dogo liliwahi kuwatoa jasho mainjinia wa Kijapani, watu waliokwisha kutengeneza redio, televisheni na majiko ya umeme. Walitaka kuunda mashine ya kuoka mkate nyumbani. Kila kitu walikuwa nacho. Kiasi ndicho kilichowashinda.

Tuanze mbali kidogo. Wajapani hawakuwa watu wa mkate. Wao ni watu wa wali, kama wengi wetu tulivyo watu wa ugali. Mkate waliletewa na Wareno, waliofika huko mwaka 1543. Ndiyo, Wareno hao hao ambao Vasco da Gama wao alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Sisi walituachia meza, leso na gereza. Wajapani waliwaachia neno "pan", na mpaka leo ndilo jina la mkate kwa Kijapani. Hata hivyo mkate ulibaki chakula cha kigeni kwa muda mrefu. Mwaka 1874 duka la Kimuraya la Tokyo likaanza kuuza mkate wenye maharage matamu yaliyopondwa ndani yake, na watu wakaupenda. Lakini mkate uliingia hasa majumbani baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Nchi ilikuwa na njaa, ngano ikaja kutoka Marekani, na watoto shuleni wakapewa mkate na maziwa ya unga. Watoto wale wakakua na ladha ya mkate ulimini. Walipokuwa baba na mama wenye nyumba zao, soko lilikuwa tayari linawasubiri wafanyabiashara.

Hapo ndipo inapoingia kampuni ya Matsushita ya Osaka. Wazee wetu wanaifahamu hata kama jina hilo ni geni kwao, maana ndiyo iliyokuwa ikitengeneza redio na betri za National, na ilikuwa na kiwanda hata Dar es Salaam. (Mwaka 2008 ilibadili jina ikaitwa Panasonic.) Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hii ilitaka mashine ambayo mtu ataitilia unga, maji, sukari, chumvi, siagi na hamira usiku, aende zake kulala, na asubuhi aamshwe na harufu ya mkate.

Kwa kuisikia, kazi yenyewe ni nyepesi. Chukua sanduku. Ndani yake weka chombo kimoja cha bati, chenye kibawa cha chuma chini kinachozungushwa na mota. Kibawa kinakanda. Kisha mota inanyamaza, na kinyunya kinapumzika mle mle ndani ya vuguvugu. Hamira inakula sukari na kutoa hewa, na kinyunya kinaumuka. Kibawa kinazunguka tena kidogo kukitoa hewa, kinaumuka mara ya pili, halafu waya wa moto unaozunguka chombo unawaka na kuoka. Yote hayo yanasimamiwa na kompyuta ndogo inayohesabu dakika na kupima joto. Kwa muda wa saa nne hivi kazi imekwisha, tena katika chombo kile kile kimoja kilichokuwa beseni, kikawa kikapu cha kuumulia, kikaishia kuwa tanuri.

Sasa subiri. Mkate ulipotoka, ganda lilikuwa limeungua na katikati hakujaiva. Wakajaribu tena, na tena. Wapi!

Tatizo lilikuwa kwenye kukanda. Unga wa ngano si kama unga wa sembe. Una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa zinashikana na kuwa kama utando wa mpira. Utando huo ndio unaoshika hewa ya hamira. Ukikanda ovyo, utando haukamiliki, hewa inatoroka, na mkate unakaa kama tofali. Ukipitiliza, utando unakatika na unarudi pale pale. Katikati ya ovyo na kupitiliza ndipo anapokaa mzee Kiasi.

Mainjinia wale hawakuwa wavivu. Walifikia hatua ya kuupiga unga picha za eksirei. Walipiga picha ya kinyunya kilichokandwa na mashine, wakapiga na cha waokaji wenye ujuzi, wakazilinganisha. Hawakupata kitu cha kuwasaidia. Picha ilionyesha unga. Haikuonyesha mkono.

Hapo akatokea mwanamke mmoja, Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu katika kundi lile. Wazo lake lilikuwa rahisi mpaka linatia aibu. Pale Osaka, hoteli ya Osaka International ilikuwa na sifa ya kuwa na mkate mzuri kuliko yote mjini. Kwa nini tusiende kujifunza kwa mwokaji wao mkuu? Basi mtaalamu wa kompyuta akafunga aproni, akawa mwanafunzi wa jikoni. Akatazama, akakanda, akatazama tena. Na siku moja akaona jambo ambalo eksirei haikuliona. Mwokaji yule hakuwa anakanda tu. Alikuwa anauvuta unga huku anausokota.

Kuona ni jambo moja, na kumweleza injinia ni jambo jingine. Utamwambiaje mtu wa vyuma na mota kwamba "vuta huku unasokota"? Ilichukua mwaka mzima wa kujaribu na kukosea, Tanaka na mainjinia bega kwa bega. Mwishowe mashine ikatiwa ndani yake matuta yaliyochomoza kama mbavu. Kibawa kinapouzungusha unga, unga unakwama kidogo kwenye mbavu hizo, unavutika, unasokoteka, kisha unaachiwa. Mkono wa mwokaji wa Osaka ukapata mwili mpya wa chuma.

Likabaki suala la joto. Katika nyumba ya Kijapani jiko la mwezi wa Januari ni barafu, na la Agosti ni kama Tanga yetu. Hamira ikipata joto jingi mapema, unga unaumuka kabla ya wakati na kuchacha. Dawa yao ilikuwa kutoichanganya hamira tangu mwanzo. Wakaiweka katika kisanduku chake, ikawa inadondoshwa ndani baadaye, unga ukiwa tayari. Mwaka 1987 mashine ikaingia madukani kwa jina la Home Bakery, na katika mwaka wake wa kwanza ikavunja rekodi ya mauzo ya vyombo vipya vya jikoni.

Hadithi hii ingeweza kufia Osaka kama si profesa mmoja, Ikujiro Nonaka. Mwaka 1991 aliiandika katika jarida la Harvard Business Review, na mwaka 1995 yeye na Hirotaka Takeuchi wakaiweka katika kitabu chao kuhusu kampuni zinazozalisha maarifa. Nonaka alikuwa na hoja aliyoichota kwa Michael Polanyi, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria: kuna maarifa ya kuandikika, na kuna maarifa yanayokaa mwilini, ambayo mwenyewe hawezi kukueleza hata ukimbana. Tanaka, alisema Nonaka, aliyatoa maarifa ya mwili wa mwokaji akayageuza kuwa maarifa ya kuandikika, nayo yakawa mashine. Vyuo vya biashara dunia nzima vikaifundisha hadithi hiyo kama sala.

Lakini hapa ndipo tugombane kidogo. Mwaka 2007 watafiti wawili, Rodrigo Ribeiro na Harry Collins, waliirudia habari hii kwa kwenda kwenye unga wenyewe. Waliona kwamba mashine haikubeba ujuzi wote wa mwokaji. Nani anachagua unga? Nani anapima? Nani anayejua kwamba mkate huu umekuwa mzuri na huu umeharibika? Ni mtu. Mashine inafanya sehemu moja, na pengo linalobaki tunaliziba sisi, kimya kimya, kisha tunasema mashine imeoka. Mwokaji angeweza kugusa unga wa leo akajua ni mbichi kuliko wa jana. Mashine haijui jana.

Mimi nina kesi ya tatu, na hiyo ndiyo inayoniuma. Katika makala ile ya 1991 jina la Tanaka limo. Jina la hoteli limo, jina la kampuni limo. Mwenye mkono, yule aliyekuwa anavuta huku anasokota, ameitwa "mwokaji mkuu", basi. Ule mwendo wa mikono yake ndio uliookoa kazi nzima, na hakuachiwa hata herufi moja ya jina lake.

Simlaumu Tanaka. Yeye alifanya jambo ambalo wasomi wengi hatulifanyi: alikwenda kusimama karibu na mwenye kujua, akakubali kuwa mwanafunzi. Namlaumu nani basi? Naogopa najilaumu mwenyewe. Mjomba wangu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Aliishi miaka mitatu mingine. Katika miaka hiyo nilimtembelea na daftari langu, nikamwuliza habari za uhuru, za mkonge, za reli, mambo niliyoona yana hadhi ya kuandikwa. Mkate sikumwuliza tena. Na hata ningemwuliza angenijibu "kiasi" ile ile. Nilipaswa kwenda bekari saa nane za usiku alipokuwa na mikono miwili, nikavua shati, nikaingiza mikono yangu kwenye unga pembeni ya mikono yake.

Wenzangu tunaotaka kuandika, tunapenda sana eksirei. Tunawapiga picha mabingwa, tunahesabu mizani zao, tunachambua mafumbo yao, halafu tunashangaa kwa nini mikate yetu imeungua nje na mbichi ndani. Nendeni kwa wenye kujua wakiwa kazini, mafundi cherehani, wavuvi, wasusi, mama wa chapati. Simameni pembeni yao mpaka muuone ule msokoto. Na mkishauandika, tafadhali, andikeni na jina.

Mjomba wangu aliitwa Hamisi. Mkate wake ulikuwa na chumvi kiasi.