Msafiri Angojaye Ndege Addis Ababa

Leo twaingia Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Wengi wa kwetu waendao ng'ambo hupita pale wala hawauoni mji. Hushuka katika uwanja wa ndege wa Bole, wakakaa kitini muda wa saa nane au tisa wakingoja ndege ya pili, wakasinzia, kisha wakaenda zao. Mimi naona hiyo ni hasara. Ikiwa wangoja mchana, nawe una ruhusa ya kuingia nchini (uliza habari ya viza kabla hujatoka nyumbani), toka nje. Kutoka Bole hadi katikati ya mji ni kama kilomita 6 tu.

Lakini kwanza tusemezane habari ya saa. Labda wadhani kwamba ni sisi peke yetu tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza. Sivyo. Wahabeshi nao huhesabu vivi hivi: saa moja asubuhi, saa mbili, saa tatu. Tena majira ya Addis Ababa ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam, basi saa yako ya mkononi usiiguse. Mtego uko hapa: tiketi imeandikwa kwa saa za Kizungu. Ukisoma 15:00, toa 6, utapata 9. Yaani ndege itaondoka saa tisa alasiri. Na dereva wa teksi akikutajia saa tatu kwa Kiingereza, huenda maana yake ni saa tatu ya kwao, ambayo ndiyo yetu. Muulize tena: ni saa ya Kihabeshi au ya Kizungu? Mtu aweza kuachwa na ndege kwa neno moja tu.

Haya, tuseme umefika saa kumi na mbili asubuhi, na ndege yako ni hiyo ya saa tisa. Kuna saa tisa kati yake. Toa mbili za kupanga foleni na kutoka, toa tatu za kurudi mapema. Zimebaki nne. Usijaribu kuona kila kitu. Chukua sweta, maana mji uko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa pwani atasikia baridi, tena atahema akipanda kilima.

Mbona mji ulijengwa pale? Zamani Mfalme Menelik wa Pili alikaa juu ya mlima Entoto, penye upepo mkali. Chini yake palikuwa na chemchemi za maji ya moto, na mkewe, Malkia Taytu, alipapenda sana. Mwaka 1886 akajengewa nyumba huko chini, akapaita Addis Ababa, maana yake Ua Jipya. Watu wakamfuata, na mwishowe mfalme naye. (Vitabu vingi humtaja mume kwanza. Mwenye shauri alikuwa mke.) Mji ukakua upesi hata kuni zikaisha, na watu wakaanza kufikiri kuhamisha makao ya mfalme. Ndipo ikaletwa mikaratusi, mti wa Australia ukuao haraka. Utaiona mpaka leo kule mlimani. Ndiyo iliyouzuia mji usihame.

Nenda moja kwa moja katika Jumba la Makumbusho la Taifa, mtaa wa Amist Kilo. Mle yumo mama mmoja mdogo wa kimo, ambaye mifupa yake ilifukuliwa Hadar, katika nchi ya Waafar, mwezi wa Novemba 1974. Wazungu walimwita Lucy. Wahabeshi humwita Dinknesh, yaani Wewe ni wa Ajabu. Aliishi yapata miaka milioni 3.2 iliyopita, naye alitembea kwa miguu miwili. Kwa kawaida utaonyeshwa mfano uliofinyangwa, kwa maana mifupa yenyewe huwekwa ghalani isiharibike. Usivunjike moyo. Nyayo za viumbe wanaodhaniwa kuwa wa jamii yake zilionekana Laetoli, Tanzania, mwaka 1978, nazo ni za kale kuliko yeye.

Ukitoka hapo, panda kidogo kwa miguu hadi Sidist Kilo, penye mnara uitwao Yekatit 12. Hilo ni jina la tarehe. Siku hiyo, 19 Februari 1937, vijana wawili walimtupia mabomu Graziani, mtawala wa Kiitaliani, wakamjeruhi. Kwa muda wa siku tatu Waitaliani wakaua watu mjini, wakachoma nyumba. Waliokufa walikuwa maelfu. Kwa kalenda ya Wahabeshi ulikuwa mwaka 1929, kwa kuwa kalenda yao iko nyuma ya hii yetu miaka saba au minane. Simama pale kidogo, ukiwa na haraka au huna.

Njiani kurudi Bole, mwambie dereva apite mbele ya Africa Hall, jumba lililofunguliwa mwaka 1961. Ni mali ya Umoja wa Mataifa, huingii bila kupanga mapema, lakini hata kuliona kwa nje ni jambo. Mle ndani, 25 Mei 1963, wakuu wa nchi walitia sahihi mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwalimu Nyerere alitia sahihi kwa Tanganyika, Obote kwa Uganda. Kenya haikuwa imepata uhuru bado. Kamati ya Ukombozi iliyoundwa wakati ule ikawekwa Dar es Salaam.

Ikiwa imebaki nusu saa, kunywa kahawa. Hukaangwa mbele yako, hutwangwa, huchemshwa katika chungu chenye shingo, nawe hunyweshwa mara tatu. Kikombe cha tatu huitwa baraka, neno ambalo hakuna haja ya kukufasiria. Lakini kazi hii haiendi mbio, na mwenyeji hapendi uondoke kabla ya baraka, basi tazama saa yako kabla hujaketi.

Sasa shikeni daftari. Tiketi imeandikwa 22:40. Ndege yaondoka saa ngapi kwa saa zetu, na msafiri arudi Bole saa ngapi?