Meli Iliyopita Voi kwa Vipande

Juzi mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliniuliza, "Mzee, ni kweli meli iliwahi kupita hapa Voi?" Wenzake wakamcheka. Voi haina bahari, na mto wetu wakati wa kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa magoti. Lakini mtoto alisema kweli. Meli ilipita hapa, wala si moja tu.

Twende kwanza mbali kidogo. Magharibi mwa Uskoti uko mji wa bandari uitwao Campbeltown, ambao watu wake kwa miaka mingi waliishi kwa kuvua heringi. Huko ndiko alikozaliwa William Mackinnon mwaka 1823. Alianza na biashara ya duka, akaenda India mwaka 1847, akawa tajiri wa meli. Meli zake ndizo zilizoleta barua Unguja kuanzia mwaka 1872. Mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya kifalme ya kutawala na kufanya biashara katika nchi hizi. Kampuni ikataka stima katika Ziwa Victoria. (Watoto wa leo wakisikia stima hufikiri taa, lakini wazee walisema stima kwa meli ya moshi.) Ikaundwa Paisley, karibu na Glasgow, katika kiwanda cha Bow, McLachlan. Ikaunganishwa, kila kipande kikatiwa alama, kisha ikafunguliwa yote na kupakiwa kuja Mombasa. Ikapewa jina la William Mackinnon. Mwenye jina alikufa mwaka 1893, na stima yake bado haijagusa maji ya ziwa.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Stima hiyo ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901. Basi treni haikuifikisha. Reli ilipoishia, mikokoteni ya ng'ombe na mabega ya watu vilianzia hapo. Njia ya misafara ilikuwa hii yetu: Taru isiyo na maji, Maungu, Ndara, mto Voi, Ndi, Tsavo, na kuendelea. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Nguo na shanga hugawanyika. Bamba la chuma halipunguzwi kwa sababu mtu amechoka. Lililomshinda mmoja lilifungwa kwenye mti, wakalibeba wawili au zaidi. Anayelijua jua la Taru mwezi wa Februari anaelewa chuma kinakuwaje begani saa nane mchana.

Nikifikiri habari hii hukumbuka Kitabu cha Hesabu, sura ya 4. Hema lilipofunguliwa jangwani, wana wa Merari ndio waliobeba mbao, nguzo, vigingi na kamba. Walihesabiwa watu 3,200, na kila mmoja akatajiwa mzigo wake. Kwa stima yetu jina lililoandikwa ubavuni lilikuwa moja.

Nakiri kosa langu hapa. Miaka mingi nimewafundisha vijana kwamba wamisionari wa Uskoti walifika Kibwezi mwaka 1891, kwa fedha za Mackinnon na wenzake, na kwamba malaria iliwaua wengi hata misheni ikahamia Kikuyu mwaka 1898. Ndugu zetu wa PCEA huanza kuhesabu miaka yao tangu Kibwezi. Yote ni kweli. Lakini sikuwahi kuwaambia vijana nani alibeba dawa, vitabu na mahema yao. Walikuwa watu wa njia hiyohiyo.

Stima William Mackinnon ilifanya kazi ziwani miaka mingi. Kiwanda kilekile kikaunda Winifred, Sybil na Clement Hill, kisha Usoga na Rusinga, nazo zikapita stesheni ya Voi zikiwa vipande ndani ya mabehewa. Wakati huo reli ilikuwa imefika, na hakuna bega lililochubuka kwa ajili yake njiani. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1932.

Yule mtoto nilimwambia hivi: ukisafiri na baba yako kwenda Mombasa, mwombe asimame Mackinnon Road. Mahali pale pana jina la tajiri wa stima. Kando ya stesheni ya zamani lipo kaburi la Seyyid Baghali, mfanyakazi wa reli kutoka Punjab. Wenyeji husimulia kwamba karai alilobeba lilielea juu ya kichwa chake. Madereva wengi hupunguza mwendo hapo. Wengine hushuka kabisa.