Santuri za Kericho Chini ya Kitanda

Mama alikuwa na santuri kumi na moja ndani ya sanduku la mbao lililowahi kubeba majani chai, chini ya kitanda, nyumbani kwetu Molo. Zote zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, na nyingi zilitoka kwa Chandarana, aliyerekodi muziki Kericho. Krismasi ikifika baba alizishika kwa kingo tu, kidole kisiguse uso. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Gita lilipoanza kupamba moto sindano ilifika mwisho, na wageni walibaki wamesimama, jasho likiwatoka, wakingoja baba ageuze. Sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kucheza.

Historia ya muziki wa Kenya husimuliwa kana kwamba ilianza na kuishia River Road, Nairobi. Kericho inastahili sura yake. Chai iliwakusanya pale Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, na Chandarana akarekodi lugha zao. Wanunuzi, naamini, walikuwa mlangoni pake.

Na hata kabla ya hapo, eneo hili lilishajua santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia habari za Chemirocha, kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakimkaribisha aje acheze nao. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Sauti yake ilikuwa imetangulia kwenye gramafoni. Kila nikiusikiliza wimbo ule nasisimka: wasichana wale walimpokea mgeni asiyeonekana, wakampa jina la kwao na mwili waliojitungia wenyewe.

Wimbo ukaingia katika mkusanyiko wa Tracey, The Sound of Africa, wenye santuri kubwa 210, ukahifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Mwaka 2015 ulirudishwa Kapkatet, na wapo waliorekodiwa wakiwa vijana waliojisikia wakiwa wazee.

Santuri za Chandarana, kinyume chake, zilitawanyika majumbani, moja huku, mbili kule. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilikusanya nyimbo adimu za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, ikaziita Kenya Special. Nawashukuru kwa kazi hiyo. Lakini inaniuma kwamba wimbo uliochezwa sebuleni Molo sharti upitie London ndipo mjukuu wa Nakuru ausikie.

Zetu hazikufika popote. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tulitoka Molo usiku, na katika vurumai ile mama alibeba vitambulisho, blanketi mbili na mtoto. Nani angefikiria santuri? Tuliporudi hapakuwa na kitanda wala sanduku. Hadi leo mama hukumbuka nyimbo zile kwa mpangilio: hii ilifuata ile, hii ilikuwa na mkwaruzo pale kwenye kiitikio.

Ndugu msomaji, inama uchungulie chini ya kitanda cha bibi yako. Ukikuta santuri, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu na laini, ipige picha lebo pande zote mbili, kisha mwulize bibi nani aliimba na nani aliinunua. Uandike majibu leo, bibi akiwa bado anakumbuka.