Philip Boit: Mkenya aliyeshika mkia, bingwa akamngoja

WAKAZI wa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe wanaijua vyema baridi ya Juni na Julai, lakini theluji wengi wao huiona kwenye televisheni tu.

Hata hivyo, mbio ndefu za skii, zinazokimbiwa juu ya theluji, zina ukurasa unaoihusu Afrika Mashariki. Ukurasa huo uliandikwa na Mkenya Philip Boit.

Katika mbio hizo, mshindani hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, hushika fimbo mbili na kujisukuma juu ya theluji, akipanda na kushuka vilima. Mbao hupakwa nta maalumu upande wa chini. Nta ikikosewa, mshindani hurudi nyuma kwenye mwinuko au hushindwa kuteleza kwenye tambarare.

Mashindano mashuhuri zaidi ya aina hiyo ni Vasaloppet ya Sweden, yaliyoanza mwaka 1922. Huanzia eneo la Sälen na kuishia mjini Mora, umbali wa kilometa 90, pungufu kidogo tu ya safari ya kutoka Tunduma hadi jijini Mbeya.

Mbio hizo humuenzi Gustav Vasa, aliyewakimbia maadui zake kupitia njia hiyo kabla ya kuchaguliwa kuwa mfalme mwaka 1523. Mwaka wa kwanza walijitokeza washiriki 119, na 117 kati yao walifika mwisho. Wanawake walizuiwa kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1981 waliporuhusiwa rasmi.

Siku hizi maelfu ya watu hushiriki, na wengi wao hawaendi kutafuta ushindi. Heshima yao ni kumaliza.

Heshima hiyo ndiyo aliyoipata Boit. Akiwa mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 pamoja na mwenzake Henry Bitok kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, ili kujaribu kama mapafu ya mwanariadha wa Kenya yangetamba pia kwenye theluji.

Jibu lilipatikana Nagano, Japan, Februari 12, 1998, katika mbio za kilometa 10 za Olimpiki ya majira ya baridi. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza wa 92 na wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5.

Pumzi alikuwa nayo. Alichokosa ni ufundi wa kuteleza, ambao wenzake wa nchi za kaskazini huanza kuupata wangali watoto.

Lakini Dæhlie hakuondoka. Alisimama kwenye mstari wa mwisho kwa takriban dakika 20, sherehe ya medali ikachelewa, na Mkenya huyo alipofika akamkumbatia.

Urafiki ukazaliwa hapo, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mkenya huyo hakukata tamaa. Alirudi kwenye Olimpiki za Salt Lake City mwaka 2002 na Turin mwaka 2006.

Hakupata medali hata moja, lakini anabaki kuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.