Waliofungua Mlango Rabai

Wasee, ukipanda matatu ya Kisauni kutoka mjini Mombasa, lazima konda aite "Kengeleni!" Watu hushuka hapo kila siku bila kujua hiyo kengele ilikuwa ya nini. Ni ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Iliita watu kanisani, na hatari ikija, iliwaonya.

Sasa stori inakuwa ngumu hapa. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kufunga biashara ya watumwa baharini. Kusafirisha mtu kwa meli, marufuku. Lakini kuwa na mtumwa shambani? Halali kabisa, na Pwani yetu ikabaki hivyo hadi 1907. Kwa hivyo aliyetoroka shamba usiku alikuwa, kisheria, mali iliyopotea. Ukimficha, wewe ndiye mwizi.

Kanisani Jumapili wanahubiri kupenda jirani. Jumatatu huyo jirani amesimama mlangoni, miguu imevimba, na mwenyewe anamtafuta na bunduki. Utado?

Wakubwa wa misheni walisita. Waliogopa wenye mashamba, waliogopa pia balozi wa Uingereza kule Zanzibar, ambaye hakutaka fujo. Siwacheki kwa kuogopa, vitisho vya kuvamia misheni vilikuwa vya kweli. Lakini kuna mahali mlango ulifunguliwa: Rabai, kule milimani nyuma ya Mombasa, na aliyekuwa akiongoza ni Mwafrika anayeitwa William Jones.

Shuleni tulikariri Krapf na Rebmann mpaka ulimi ukachoka. Jones hata hakutajwa. Huyu jamaa alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa na wamisionari huko India, halafu akarudi Pwani. Mtu ambaye amewahi kuwa mali ya mtu hahitaji kuelezwa mtoro ni nani. Watoro wakafika mmoja mmoja, wakajenga, wakalima, wakazaa, hadi wakawa mamia. Mwaka wa 1885 Askofu Hannington alimfanya Jones shemasi, wakasafiri pamoja kuelekea Uganda. Hannington akauawa Busoga. Jones ndiye aliyerudisha msafara hadi Rabai, na watoro walikuwa bado wapo.

Na usidhani Freretown yenyewe ilikuwa mbinguni. Msimamizi wake mmoja, Mwingereza anayeitwa Streeter, alikuwa akichapa viboko watu walewale waliookolewa. Malalamiko yakafika serikalini, uchunguzi ukafanywa 1881, mwishowe akaondolewa. Hebu fikiria, umetoka kwenye minyororo ya jahazi, unakuja kupigwa na mtu wa kanisa.

Mwaka wa 1888 siri ya Rabai haikufichika tena. Wenye watumwa walitaka mali yao. Mackenzie, mkubwa wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa Pwani kuitawala, akaamua kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa vyeti vya uhuru. Kwenye misheni zote walikuwa karibu 1,400. Kampuni haikusukumwa na huruma peke yake, ilihitaji njia ya bara iwe na amani ndio biashara ipite. Na hizo pesa zilimwendea mwenye mtumwa. Aliyelima bure miaka yote alipata karatasi.