AKWAPONIKI: Jinsi ya kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale

ANAYETAKA kufuga samaki na kukuza mboga katika ua mdogo wa nyumba yake aghalabu huanzia mahali pasipofaa. Hununua tangi, akalijaza maji asubuhi, na kufikia jioni amekwisha kutia vifaranga 50 vya samaki. Kwa siku kadhaa vifaranga hao huogelea vizuri, miche husimama wima, na majirani huitwa kuja kutazama. Juma la pili likifika, samaki huanza kuelea mmoja mmoja, na mwenye tangi humlaumu aliyemuuzia vifaranga. Humwonea bure. Kilichowaua ni amonia, sumu iliyotoka katika miili yao wenyewe na ikakosa wa kuiondoa.

Akwaponiki ni ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mimea isiyopandwa udongoni, vyote viwili vikitumia maji yale yale. Maji ya samaki, yakiwa na uchafu wao, hupandishwa kwa pampu hadi kwenye kitanda cha mboga. Mboga hufyonza kilicho mbolea kwao, na maji yaliyosafika hurudi tangini. Wazo lenyewe ni kongwe, kwani wakulima wa Uchina wamefuga samaki katika mashamba ya mpunga kwa karne nyingi. Mfumo wa kisasa ulipata umbo lake katika miaka ya 1980, hasa kwa kazi ya mtafiti James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, huko Karibi. Mwaka wa 2014 Shirika la Chakula na Kilimo Duniani (FAO) lilichapisha mwongozo kuhusu mifumo midogo ya aina hii.

Hapa Kenya ufugaji wa samaki si jambo jipya. Kituo cha Sagana, Kirinyaga, kilianzishwa mwaka wa 1948, na mnamo 2009 serikali ilichimba vidimbwi katika maeneo bunge 140 chini ya mpango wa kufufua uchumi. Lakini kidimbwi kinahitaji shamba, udongo mfinyanzi na maji tele. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hana hata kimoja kati ya hivyo. Akwaponiki humfaa kwa sababu maji huzunguka: kinachoongezwa kila siku ni asilimia 1 hadi 3 tu, kufidia yaliyopotea kwa mvuke na kupitia majani.

Mfugo usioonekana

Kati ya samaki na mboga kuna mfugo wa tatu, nao ni bakteria. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichosazwa nacho huoza kikazidisha amonia hiyo. Bakteria wa aina ya Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Bakteria wengine, wakiwemo Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haimdhuru samaki kwa urahisi, na ndiyo mbolea inayotafutwa na mboga.

Bakteria hawa huja wenyewe, wakajishikiza kwenye mawe ya kitanda na kuta za mabomba. Hata hivyo, huchukua kati ya siku 25 na 40 kuongezeka kiasi cha kutosha, na zaidi penye baridi. Katika muda huo tangi lisiwe na samaki. Pampu huwashwa, kisha kila siku hutiwa chakula kidogo cha samaki ili kioze, au amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, hadi kipimo kifikie miligramu 2 hadi 4 kwa lita. Mwanzoni amonia hupanda. Baadaye hushuka huku nitriti ikipanda. Hatimaye nitriti nayo hushuka na nitrati kuonekana. Amonia na nitriti zote zikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, ndipo samaki waingie.

Haya hayajulikani kwa kutazama, kwa maana maji yenye sumu huweza kuwa maangavu kama ya kunywa. Kifaa cha kupimia, kile cha matone yanayobadili rangi ya maji, hupatikana katika maduka ya samaki wa mapambo, na kwa maoni yangu kinafaa kununuliwa kabla ya tangi lenyewe. Mwenye jirani aliye na mfumo ulio hai na amwombe ndoo moja ya kokoto zake zilizolowa. Bakteria waliomo watampunguzia majuma ya kusubiri.

Tangi, mawe na sifoni

Kwa nyumba moja, chombo kinachofaa ni tangi la plastiki la lita 1,000 lililozungukwa na kizimba cha vyuma, lile ambalo viwanda husafirishia mafuta ya kupikia na vitu vinginevyo vya majimaji. Fundi hukata theluthi ya juu, akaipindua na kuifanya kitanda cha mboga, na sehemu iliyobaki chini ikawa makao ya samaki. Uliza tangi lilibeba nini. Lililobeba kemikali liachwe hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Tangi lifunikwe lisipigwe na jua, la sivyo maji yatageuka kijani kwa mwani. Mboga ndizo ziwekwe juani.

Wakazi wa ghorofani wajihadhari. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi lililojaa ni tani nzima kabla ya kuhesabu kokoto. Roshani za nyumba nyingi za kupangisha hazikujengwa kwa mzigo huo, na paa pia halifai bila ushauri wa mhandisi.

Kitanda kiwe na kina cha sentimita 30, kijazwe kokoto zenye upana wa sentimita moja hadi mbili, zilizooshwa hadi maji yatoke safi. Kabla ya kuzinunua, chukua chache uzimwagie siki. Zikitoa povu, zina chokaa, nazo zitapandisha pH ya maji daima. Wakazi wa Pwani hasa waepuke mawe ya matumbawe, maana pH ikipanda amonia ile ile huwa kali zaidi kwa samaki. Mawe mepesi ya volkano yanayopatikana Bonde la Ufa ni bora: yana vitundu vingi vya bakteria kuishi na hayamchoshi mbebaji.

Ili mizizi ipate maji na hewa kwa zamu, mafundi hutumia sifoni ya kengele. Bomba husimamishwa kitandani, mdomo wake ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa kokoto. Hufunikwa na bomba pana zaidi lililozibwa juu na kukatwa matundu chini, na vyote viwili huzungushiwa bomba la tatu lenye matundu la kuzuia kokoto. Maji yakijaa hadi mdomo wa bomba la ndani, huanza kumwagika na kuvutana yenyewe kwa kasi hadi kitanda kinapokauka na hewa kuingia chini ya kifuniko. Hapo mvuto hukatika na kitanda huanza kujaa upya. Maji yakiingia polepole mno sifoni haianzi, yakiingia kwa kasi mno haikatiki, na siku nzima huweza kuisha ukifungua na kukaza vali. Asiye na subira hiyo atumie kifaa cha kuwasha pampu kwa dakika 15 katika kila saa. Kwa mfumo wa sifoni, ambao pampu yake haizimwi, pampu iweze kuzungusha maji yote ya tangi mara moja kwa saa.

Maji ya mfereji yana klorini, inayoua bakteria na samaki pia. Yaachwe wazi kwa siku mbili kabla ya kutumika.

Samaki wangapi, mboga kiasi gani

Ngege, ambaye wengi humwita tilapia, hukua vyema katika maji ya nyuzijoto 27 hadi 30. Kisumu au Mombasa atafaa kuliwa baada ya miezi sita hadi minane. Nairobi, Nyeri au Limuru, maji hupoa chini ya nyuzi 20 kati ya Juni na Agosti, na ngege karibu huacha kula. Mfugaji wa huko azibe tangi dhidi ya upepo, alizungushie karatasi ya plastiki na avumilie. Chagua vifaranga madume pekee, kwa sababu ngege huzaana upesi na tangi likajaa samaki wasiozidi kidole. Kambare ni mstahimilivu zaidi kwani huweza kuvuta hewa ya juu ya maji, ila humla mwenzake aliye mdogo, na tangi lisipofunikwa barabara atatambaa atoke.

Kwa tangi tulilolieleza, samaki 15 hadi 20 wanatosha. Mizani ya mfumo mzima ni chakula. Kila mita moja mraba ya mboga za majani huhitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku. Samaki 20 wenye gramu 300 kila mmoja ni kilo 6. Wakila asilimia 2 ya uzito wao, ni gramu 120, zinazotosha mita mbili na nusu hivi za mboga. Kitanda kilichokatwa kwenye tangi ni kama mita moja mraba, hivyo mwenye samaki hao aongeze cha pili. Sukuma wiki, spinachi, letasi, dania na mchicha hustawi bila shida. Nyanya na pilipili zingojee hadi mfumo ukomae, kwa maana hudai mbolea zaidi.

Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, maji yamepungukiwa na madini ya chuma, upungufu wa kawaida katika mifumo hii. Dawa yake ni chuma cha mimea kinachoyeyuka majini, kinachouzwa katika maduka ya pembejeo. Misumari yenye kutu haisaidii kitu. Kazi ya bakteria pia huishusha pH kadiri miezi inavyopita. Ikipungua chini ya 6.5, ning'iniza tangini mfuko wa wavu wenye maganda ya mayai yaliyopondwa, au tia chokaa kidogo sana iliyokorogwa katika ndoo, kwa siku kadhaa mfululizo.

Wadudu wakivamia mboga, usinyunyize dawa. Hata pareto, dawa ya maua inayosifiwa kuwa ya asili, ni sumu kali kwa samaki. Waondoe kwa mkono, wapige kwa maji ya kasi, au funika kitanda kwa chandarua. Vilevile usitie samadi ya ng'ombe wala ya kuku: vijidudu vyake huishia kwenye saladi.

Stima ikipotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilizama gizani kwa saa nyingi. Katika tangi lililojaa samaki, pampu ikizima, oksijeni huweza kwisha katika saa chache. Kwa hivyo hesabu ya ujenzi iwe na betri pamoja na pampu ndogo ya hewa, au paneli ya jua, tangu mwanzo. Pasipo hivyo, teka maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, tena na tena, na usiwalishe samaki hadi stima irudi. Ukiwakuta alfajiri wakitweta juu ya maji, fanya vivyo hivyo.

Utunzaji wa kila siku ni wa dakika chache. Lisha mara mbili, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika 10, na chota kilichobaki. Samaki aliyekataa kula ndiye wa kwanza kukujulisha kwamba maji yameharibika: pima siku hiyo hiyo, na amonia au nitriti ikiwa imepanda, badilisha theluthi ya maji na usitishe chakula. Vinginevyo pima mara moja kwa juma.

Wakati wa kuvua ukifika, usivue wote kwa siku moja. Bakteria watakosa amonia na kufa njaa, na mboga zitakauka ndani ya majuma machache. Vua wanne au watano walio wakubwa, tia vifaranga wengine mahali pao, na uendelee kulisha.