Seva nyingi, swichibodi moja: Simu za intaneti za ofisini kutoka Dar hadi Mbinga

MTU anayepiga simu katika ofisi ya mnunuzi wa kahawa mjini Mbinga hudhani kwamba mlio anaousikia unatoka kwenye swichibodi iliyo pembeni mwa meza ya karani. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi kampuni yenye matawi mengi inaweza kuiondoa kabisa swichibodi hiyo na kuweka mahali pake programu inayoendeshwa na kompyuta maalumu, yaani seva, zilizoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Simu ya mezani ya karani wa Mbinga, ya mwenzake wa Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa na ya mhasibu wa Moshi huwa namba za ndani za ofisi moja.

Katika Tanzania Bara mpango wa aina hii ulikuwa mgumu hadi mwaka 2005, TTCL ilipofikia mwisho wa haki yake ya kipekee katika simu za mezani. Kilichofuata ni mkongo wa baharini wa SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliosambaza nyuzi hizo za kioo mikoani.

Lakini kukusanya simu zote mahali pamoja ni kukusanya hatari zote mahali pamoja. Ikiwa seva ni moja na diski yake ikafa saa nne asubuhi katikati ya msimu wa mavuno, matawi yote yananyamaza kwa mpigo. Ndiyo maana wahandisi huweka kundi la seva: kompyuta mbili au zaidi zinazoonekana kwa mtumiaji kama swichibodi moja.

Ili kuelewa kundi hilo, yafaa kwanza kujua seva hufanya nini. Simu nyingi za intaneti za ofisini hutumia itifaki iitwayo SIP, ambayo toleo lake linalotumika lilichapishwa mwaka 2002. Simu ikiwashwa hujiandikisha kwa seva: mimi ni namba 214, napatikana katika anwani hii. Seva huandika taarifa hiyo katika kanzidata, na mtu akiipiga 214, seva huangalia daftari na kuita. Sauti yenyewe husafiri peke yake, na mara nyingi huweza kupita moja kwa moja kati ya simu na simu bila kuigusa seva. Kwa hiyo seva ikianguka, wawili waliokuwa wakizungumza kwa njia hiyo huendelea kusikilizana, ingawa hakuna awezaye kuanzisha simu mpya. Lakini kama sauti ilikuwa ikipitia kwenye seva, kwa mfano kwa sababu mazungumzo yanarekodiwa, basi hukatika hapo hapo. Muuzaji wa mitambo akikuambia kwamba kundi lake halikati simu kamwe, muulize sauti inapita wapi.

Njia nyepesi ya kuunda kundi ni ya seva mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri. Zote hushirikiana anwani moja ya mtandao. Inayofanya kazi hutuma ishara ya uhai, kwa kawaida kila sekunde moja; inayosubiri ikikosa ishara tatu mfululizo huichukua anwani ile na kuendelea. Ofisini watu huona kimya cha sekunde chache tu.

Njia ya pili huzifanya seva zote zifanye kazi kwa wakati mmoja, huku mbele yake ukiwapo mgawaji anayezipangia simu. Programu huria ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, hutumiwa sana nyuma ya mgawaji wa namna hiyo. Wenyeji wa Mbinga hawatashangazwa na wazo hili. Wamatengo hulima miteremko kwa ngoro, mashimo mengi madogo yanayoshika maji ya mvua badala ya bwawa moja, na shimo moja likibomoka shamba haliendi na maji.

Ugumu uko kwenye daftari. Kila seva lazima iwe na nakala ileile ya kanzidata, la sivyo namba 214 itakuwa hai kwa seva moja na mfu kwa nyingine. Baya zaidi, waya unaoziunganisha seva mbili ukikatika, kila moja hudhani ile nyingine imekufa, na zote mbili hujitangaza kuwa kiongozi. Tiba yake ni kura. Kundi likiwa na seva tatu, upande wenye mbili ndio wenye haki ya kuendelea, na ile moja iliyotengwa hunyamaza. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupenda idadi isiyogawanyika kwa mbili.

Yote hayo, hata hivyo, yanalinda chumba cha mitambo cha Dar es Salaam. Hayailindi Mbinga. Kama tawi lina waya mmoja tu na koleo la mchimba mtaro likaukata, hata seva kumi za Dar haziwezi kumsaidia karani kumpigia mwenzake wa chumba cha pili. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM ilizorotesha intaneti nchini na kwa majirani. Kampuni iliyokuwa imepanga seva zake ng'ambo kupitia mikongo hiyo iliweza kupoteza hata simu za ndani ya jengo lake.

Kwa sababu hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, kiungo cha mwisho cha kundi kinapaswa kukaa tawini. Simu za ofisini za Cisco, kwa mfano, huweza kupewa orodha ya seva za kujaribu kwa zamu, na mwisho wa orodha ikawa rauta ya tawi lenyewe, ambayo huunganisha simu za ndani mpaka njia ya Dar irudi. Rauta hiyo ikiunganishwa na kifaa chenye laini za simu za mkononi, tawi litaweza pia kupiga nje. Kwa ofisi ndogo za Liuli au Lituhi, hilo huenda ni muhimu kuliko seva ya tatu Dar es Salaam. Betri nayo isisahaulike. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, lakini simu ya intaneti huzima umeme unapokatika, tofauti na simu ya zamani iliyopata umeme kwenye waya wake.

Kuhusu uwezo wa njia, simu moja yenye sauti isiyobanwa huhitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na iliyobanwa kwa mfumo wa G.729 takriban 31. Simu 20 za pamoja kutoka Mbinga hazifiki megabiti 2.

Mnunuzi asiridhike na karatasi za mkataba. Aombe seva moja izimwe mchana wa siku ya kazi, kisha waya wa tawi uchomolewe, na mtu aliye Mbamba Bay apige simu Mbinga huku akihesabu sekunde.